Ubao wa Malengo

Ndugu zangu wanafunzi, nilipokuwa bwenini kama ninyi nilibandika ukutani picha ya daraja kubwa, maana nilitaka kuwa injinia. Niliitazama kila usiku kwa miaka miwili, na hesabu zikanishinda. Kosa langu lilikuwa nini?

Mwaka 1999 Lien Pham na Shelley Taylor walieleza jaribio walilowafanyia wanafunzi wa chuo kikuu huko Marekani, waliokuwa karibu na mtihani. Baadhi yao waliambiwa wajione katika fikira wamekwisha pata alama nzuri, nao wanafurahi. Wengine waliambiwa wajione wakisoma kwa bidii ili wazipate. Hao wa pili walianza kusoma mapema, wakashinda vizuri zaidi. Wale wa kwanza walisoma saa chache kuliko wao.

Basi, ukitaka kutengeneza ubao wa malengo, fanya hivi. Twaa kadibodi, uigawe kwa mstari. Juu bandika picha moja tu ya jambo unalolitaka. Chini, penye nafasi kubwa, bandika karatasi ya kazi za juma: somo gani, saa ngapi, na utakaa wapi. Kila Jumamosi tia alama penye kazi uliyoitimiza. Iliyokushinda igawe sehemu ndogo ndogo, uiandike tena katika karatasi ya juma lijalo.

Picha yangu ya daraja haikuwa na karatasi chini yake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.