SOMO LA UFUNDI: MCHUNGUZI WA HATAZA ANAULIZA NINI?



Trekta likipita kijijini na trela la magurudumu manne, litazame vizuri linapokata kona. Kwenye trela la namna hiyo, mara nyingi ekseli yote ya mbele huzunguka pamoja na magurudumu yake mawili. Sasa tazama trekta lenyewe. Ekseli yake ya mbele haizunguki, imetulia palepale. Yanayogeuka ni magurudumu tu, kila moja kwenye pini yake.

Hizo ni njia mbili za kugeuza chombo. Ya kwanza ni ya kale sana. Ya pili ilibuniwa na mafundi, na baadhi ya mafundi hao walipeleka maombi serikalini wapewe haki ya uvumbuzi wao. Leo tutajifunza mambo mawili. Kwanza, usukani huo unafanyaje kazi? Pili, mtu akisema, "Jambo hili nimelivumbua mimi," nani huchunguza kama ni kweli, naye huuliza nini?

1. UBAYA WA EKSELI INAYOZUNGUKA

Zamani magari ya farasi ya Ulaya yalikuwa na ekseli ya mbele iliyoshikwa na pini moja katikati. Dereva akikata kona kali, ekseli nzima inakaa upande. Magurudumu ya mbele yanaingia chini ya gari. Basi gari linakuwa kama kigoda kilichosogezwa miguu: huegemea, na pengine hupinduka.

Tena, gurudumu moja likigonga jiwe, ekseli yote hupigwa na kugeuka. Kwa nini? Kwa sababu kutoka gurudumu hadi pini ya katikati ni mbali. Ekseli inakuwa kama mtaimbo mrefu: ukisukuma ncha yake kwa nguvu kidogo, unang'oa kitu kizito.

Dawa yake ni hii. Ekseli isizunguke. Kila gurudumu la mbele lipewe pini yake, karibu kabisa na gurudumu. Halafu magurudumu yote mawili yaunganishwe kwa fimbo ya chuma, ambayo mafundi wetu huiita tairodi, ili yageuke kwa pamoja.

2. JARIBIO LA KAMBA

Sasa hapa pana jambo gumu kidogo. Je, magurudumu hayo mawili yageuke sawasawa? Tusibishane. Hebu tufanye jaribio uwanjani.

Chora ardhini umbo la gari: upana mita 1 na nusu, urefu mita 2 na nusu. Pembe nne za umbo hilo ndizo magurudumu manne. Sasa urefushe mstari wa ekseli ya nyuma kuelekea upande mmoja. Pima mita 4 kutoka gurudumu la nyuma la upande huo, kisha chomeka kigingi hapo. Tuseme gari linazunguka kigingi hicho.

Nyosha kamba mbili kutoka kigingini, moja hadi kila gurudumu la mbele. Penye kila gurudumu la mbele laza kijiti kikatane na kamba kama msalaba ulionyooka. Vijiti hivyo ndivyo magurudumu. Tazama sasa. Havikulala sawa! Kijiti cha upande wa kigingi kimepinda zaidi. Ukipima, cha ndani kimepinda kama digrii 32, na cha nje kama digrii 24.

Tena, zungusha kila kamba mara moja ukipima njia yake. Gurudumu la ndani litakwenda karibu mita 30. La nje litakwenda karibu mita 38. Hayaendi njia moja, kwa hiyo hayawezi kupinda sawa. Yakilazimishwa kupinda sawa, moja litaburuzwa, na tairi litalika upesi.

3. FUNDI WA MUNICH NA WAKALA WA LONDON

Mwaka 1816 fundi wa magari ya farasi aitwaye Georg Lankensperger, wa mji wa Munich katika Ujerumani, alitengeneza usukani ambao kila gurudumu la mbele lina pini yake. Alipata haki kwao Bavaria. Lakini haki ya nchi moja haivuki mpaka. Akitaka haki Uingereza, lazima aombe Uingereza.

Basi akamtumia wakala. Huyu alikuwa Rudolph Ackermann, mtu aliyezaliwa Ujerumani, ambaye alikuwa mchapaji na muuzaji wa picha na vitabu mjini London. Mwaka 1818 Ackermann alipata hataza Uingereza. Hakuiba, alikuwa akimwakilisha mwenzake. Lakini hati iliandikwa kwa jina lake. Matokeo yake ni nini? Mpaka leo, dunia nzima, mafundi na wahandisi huuita usukani huo "Ackermann". Wanaomjua Lankensperger ni wachache.

Hadithi haiishii hapo. Karibu miaka 60 kabla ya hati ile, daktari Mwingereza Erasmus Darwin alikuwa amekwisha buni usukani wa namna hiyo kwa gari lake la kuzungukia wagonjwa. Yeye hakuomba hataza kabisa.

Utauliza: je, wakubwa wa London hawakulijua jambo hilo walipotoa hati mwaka 1818? Jibu ni kwamba hawakuchunguza. Wakati ule Uingereza ilitoa hataza bila ofisi yoyote kutafuta kama jambo ni jipya. Mwombaji alizunguka ofisi nyingi, akalipa ada kubwa, akapigiwa mihuri. Ikiwa mtu anapinga, aende mahakamani.

4. HATAZA NI NINI?

Hataza, ambayo wengine huiita patenti, ni mapatano baina ya mvumbuzi na serikali. Mvumbuzi anaeleza siri yake yote kwa maandishi na michoro, ili watu wote waweze kujifunza. Serikali nayo inampa haki: kwa muda fulani mtu mwingine asiutengeneze wala kuuuza uvumbuzi huo bila ruhusa yake. Zamani zile Uingereza muda ulikuwa miaka 14. Siku hizi katika nchi nyingi ni miaka 20. Muda ukiisha, uvumbuzi ni mali ya wote.

Sasa fikiri. Je, kama mtu angepewa hataza ya mpini wa jembe? Kila mkulima angedaiwa fedha kwa kitu alichorithi kwa babu yake! Ndiyo maana nchi nyingi zimeweka wachunguzi. Mchunguzi analinda watu wawili. Anamlinda mvumbuzi wa kweli apate haki yake. Tena anawalinda watu wote wasinyang'anywe kitu ambacho tayari ni chao.

Ujerumani iliweka uchunguzi huo kwa sheria ya mwaka 1877. Basi fundi Karl Benz alipoomba hataza ya usukani, alikutana na ofisi yenye wachunguzi. Gari lake la kwanza, la mwaka 1886, lilikuwa na magurudumu matatu, moja tu mbele. Kwa gari hilo hakuhitaji kugeuza magurudumu mawili. Mwaka 1893 alipata hataza namba 73515 ya usukani wa magurudumu mawili ya mbele.

Je, Benz angeweza kusema, "Mimi ndiye wa kwanza kulipa kila gurudumu pini yake"? Hapana. Lankensperger alimtangulia. Amédée Bollée wa Ufaransa naye alifanya hivyo mwaka 1873 katika gari lake la mvuke, ambalo mwaka 1875 lilisafiri kutoka Le Mans hadi Paris. Jina la hataza ya Benz lenyewe linataja jambo mahususi: namna ya kupanga miduara ya kugeukia kulingana na magurudumu. Hakudai usukani wote wa duniani.

5. MASWALI YA MCHUNGUZI

Ombi la hataza lina maelezo, michoro, na madai. Madai ndiyo roho ya ombi. Ni sentensi zinazosema, "Haki yangu inaanzia hapa na kuishia hapa," kama mawe ya mpaka wa shamba. Mchunguzi huyasoma neno kwa neno. Kisha huuliza:

Kwanza, je, jambo hili ni jipya? Hutafuta katika hati za zamani, vitabu na magazeti ya nchi zote.

Pili, je, lina ubunifu? Kama fundi wa kawaida angeweza kulifikia bila taabu, kwa kuunganisha tu vitu viwili vinavyojulikana, halitoshi.

Tatu, je, laweza kutengenezwa na kutumika kiwandani, shambani au katika kazi nyingine?

Nne, je, limeelezwa wazi kiasi ambacho fundi mwingine akisoma ataweza kulitengeneza?

Angalia: mchunguzi haulizi kama kitu ni kizuri au kitauzika. Kitu kizuri sana kinaweza kukataliwa kwa sababu si kipya.

6. TUJIFANYE WACHUNGUZI

Tuseme leo fundi mmoja ameleta ombi la gari lenye usukani. Huu ni mfano wa somo tu. Ana madai manne.

Dai la 1: "Gari ambalo kila gurudumu la mbele lina pini yake ya kugeukia." Tunalikataa. Hati ya mwaka 1818 ipo.

Dai la 2: "Gari kama la dai la 1, ambalo gurudumu la ndani hupinda zaidi kuliko la nje." Tunalikataa pia. Mwaka 1878 Mfaransa Charles Jeantaud alikwisha onyesha namna ya kuinamisha mikono ya usukani ili jambo hilo litokee.

Dai la 3: "Gari ambalo magurudumu yote manne hugeuka, hata likazunguka papo hapo." Fundi ametabasamu. Lakini mwaka 2005 kampuni ya Jeep ilionyesha huko Marekani gari la majaribio liitwalo Hurricane, lililoweza kuzunguka papo hapo lilipo. Tunalikataa.

Dai la 4: "Gari kama la dai la 3, ambalo kila gurudumu lina mota yake ya kuligeuza, na lina kufuli la aina hii na hii, ambalo mota ikifa hulirudisha gurudumu mahali pake na kulishika." Hapo tunanyamaza. Tunatafuta katika hati. Tukikuta kufuli hilo limeandikwa mahali, tunakataa. Tusipolikuta, na kama fundi wa kawaida asingelifikia upesi, tunakubali.

Umeona? Fundi alikuja akitaka gari zima. Ameondoka na kufuli. Lakini kufuli hilo ni lake kweli, na mtu hawezi kumnyang'anya.

7. JAMBO HILI LATUHUSU NINI?

Latuhusu sana. Katika vijiji vyetu wapo wahunzi, maseremala na mafundi baiskeli wenye akili. Anayebuni mashine ya kupukuchua mahindi au kukamua alizeti afanye nini?

Aandike daftari. Aweke tarehe, achore mchoro, aeleze hatua kwa hatua. Asikionyeshe kitu chake hadharani kabla ya kuomba, hata katika maonyesho ya Nane Nane, maana kitu kilichokwisha onwa na watu chaweza kuhesabiwa si kipya tena. Kwa Tanzania Bara maombi ya hataza hupelekwa BRELA. Nchi yetu pia ni mwanachama wa ARIPO, shirika lenye makao yake Harare, Zimbabwe, ambalo huchunguza maombi kwa ajili ya nchi wanachama wake. Na ahakikishe jina lililoandikwa kwenye hati ni lake mwenyewe. Akumbuke fundi wa Munich.

Lakini pia tusiwe waoga. Usukani wa Lankensperger, wa Bollée na wa Benz muda wake wa haki ulikwisha zamani. Mhunzi akitaka kutengeneza mkokoteni wa magurudumu manne kwa njia hiyo, hadaiwi senti na mtu. Siri zao zote ziliandikwa ili sisi tuzisome.

Zamani tuliambiwa kwamba kalamu ni ya karani na nyundo ni ya fundi. Si kweli. Fundi asiyeandika kazi yake humwachia mwingine jina.

MANENO YA KUKUMBUKA

Hataza: haki ya mvumbuzi inayotolewa na serikali kwa muda maalumu.
Dai: sentensi inayoweka mpaka wa haki hiyo.
Mchunguzi: mtu anayepima kama uvumbuzi unastahili hataza.
Tairodi: fimbo inayounganisha magurudumu ya mbele ili yageuke pamoja.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Kwa nini gurudumu la ndani hupinda zaidi kuliko la nje? Fanyeni jaribio la kamba.
2. Kwa nini dai la 1 lilikataliwa, ingawa usukani huo ni mzuri?
3. Je, kuna kifaa kilichobuniwa kijijini kwenu? Mwandikieni mwenyewe dai moja, kwa sentensi moja. Kisha mjifanye wachunguzi.