Unataka kuwa ekstra kwenye filamu? Soma hii kabla hujatuma pesa

Ukitazama filamu, macho yako huwa kwa mhusika mkuu. Lakini yule mama anayechagua nyanya nyuma yake, makanga anayegonga matatu, wale watatu wanaosubiri kuvuka barabara: wote wako kazini, na wanalipwa. Hao ndio ekstra. Hawasemi neno, na hakuna anayewauliza walisomea wapi uigizaji.

Kwetu kazi hii haijaanza jana. The Constant Gardener, iliyotoka 2005, ilirekodiwa Kibera na Loiyangalani. Nairobi Half Life ya 2012 ilihitaji mitaa ya jiji na watu wa kuijaza. Ongeza vipindi vya runinga na matangazo ya biashara, utaona nafasi zipo. Si za kila siku lakini, kwa hivyo usiache kibarua chako.

Kuanza hakuhitaji mengi. Piga picha mbili kwa simu, mchana, moja ya uso na moja ya mwili mzima, bila filta. Andika umri, urefu, saizi ya nguo na viatu, lugha unazoongea, na kitu unachokijua vizuri: kuendesha boda, kusuka, kupika chapati. Hicho cha mwisho watu hukipuuza, kumbe ndicho huleta kazi. Mtu anayerekodi onyesho la saluni anatafuta msusi, si mrembo. Kisha mtumie wakala anayetafutia filamu waigizaji.

Na hapo ndipo wateja wetu wengine huumia. Ujumbe unaingia: "Hongera, umechaguliwa! Tuma Sh500 ya usajili leo kabla ya saa kumi, nafasi zinaisha." Baada ya hiyo inakuja ya sare, halafu ya usafiri, halafu namba inazimwa. Kazi ya ekstra ni kibarua, na kibarua hulipwa, hakilipi. Wakala halali hukata kamisheni yake kutoka kwa malipo yako, baada ya kazi. Anayetaka pesa mbele, hata shilingi hamsini, mwache aende.

Una haki ya kuuliza maswali. Filamu inaitwaje? Nani anaitengeneza? Wana leseni ya kurekodi kutoka Kenya Film Classification Board? Nitalipwa ngapi kwa siku, na hiyo ni kabla au baada ya kamisheni? Pesa inaingia siku gani? Mwenye kazi ya kweli hatakasirika. Majibu yaandikwe, hata kama ni kwa WhatsApp tu.

Siku yenyewe, fika mapema na ujiandae kukaa. Utasubiri kuliko utakavyoigiza. Vaa nguo zisizo na maandishi makubwa wala nembo, usiangalie kamera, na usiweke picha za pale mtandaoni. Onyesho hurudiwa mara nyingi, kwa hivyo ukibeba kikapu mkono wa kulia mara ya kwanza, ni wa kulia mpaka mwisho. Kabla ya kuondoka, hakikisha jina lako liko kwenye orodha ya waliofika. Ekstra wasio kwenye orodha huwa na kazi ngumu ya kudai.

Toa namba iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako mwenyewe. Mhasibu analipa watu wengi kwa mpigo, na akiona jina la shemeji yako anaweza kusimamisha malipo mpaka uelezee. PIN haihitajiki ili upokee pesa, kwa hivyo usimpe mtu. Ujumbe wa malipo ukiingia, angalia salio kwanza. Kama umetoka kwa namba ya kawaida ya simu na salio halijasonga, hujalipwa, hata ujumbe ukifanana vipi na wetu.

Na kama tayari umetuma "usajili"? Pigia huduma kwa wateja sasa hivi, si jioni. Pesa ikiwa bado iko kwa akaunti ya aliyeipokea tunaweza kuizuia tukichunguza. Akishaitoa kwa wakala, hatuna cha kurudisha. Usifute ujumbe wowote. Namba yake, saa uliyotuma na kodi ya muamala ndivyo polisi watakavyokuuliza kituoni.