Kazi ya Nyumbani na Ukuta Wake

Somo letu la mara hii ni juu ya kazi ifanywayo nyumbani: vipi mtu aifanye hata itimie, na vipi moyo wake utulie juu yake usitawanyike. Twamwomba kila msomaji alisome kwa utulivu, kisha alizungumze na watu wa nyumbani mwake, kwani jambo hili si la mtu mmoja; ni la nyumba nzima.

Kazi ya nyumbani si ngeni kwetu watu wa pwani. Kofia za mkono zimeshonwa majumbani tangu zama za babu zetu, ukili umesukwa uani, mahamri yamekandwa kabla ya jua kuchomoza, na waalimu wetu wamesomesha watoto katika baraza za nyumba zao. Lakini mwaka 2020 jambo hili liliingia katika nyumba ambazo hazikulizoea. Tarehe 13 Machi mwaka ule palitangazwa mgonjwa wa kwanza wa Korona katika Kenya, na tarehe 15 serikali ikawahimiza watu wa maofisi na wa biashara wafanyie kazi majumbani mwao, ila wale ambao kazi zao haziwezi kukosekana. Skuli nazo zikafungwa. Nyumba moja ikawa ofisi, na skuli, na jiko, na pahala pa kulala, yote kwa wakati mmoja. Maradhi yalipopoa wako waliorudi maofisini, na wako ambao hawakurudi. Na leo wako vijana watafutao riziki kwa kompyuta na simu pasina kutoka mlangoni mwao.

Mfano wetu twauchukua katika Homa Bay na Migori, kusini mwa Nyanza, upande wa Ziwa la Viktoria. Nchi hiyo si ya ugenini kwetu kabisa. Kendu Bay, katika kaunti ya Homa Bay, ni mji wa ziwani wenye Waislamu wa tangu zamani; na Migori ni mji wa njia kuu iendayo Isebania na mpaka wa Tanzania. Tumeuchagua upande huo kwa kuwa huko zaonekana wazi namna mbili za kazi ya nyumbani, na tofauti yao ndiyo somo lenyewe.

Namna ya kwanza ni kazi ya omena, wale samaki wadogo ambao jirani zetu wa Tanzania huwaita dagaa. Wavuvi hutoka katika usiku wa giza na taa zao, samaki wakaifuata nuru wakanaswa. Alfajiri mashua hurudi, na wanawake hununua ufukweni, wakaanika samaki juani juu ya nyavu kuukuu, wakawa wakiwageuza mpaka wakauke. Mvua ikiwapata kabla ya kukauka huharibika, bei ikaanguka, wakaishia kuwa chakula cha kuku. Mwanamke huyu hana kengele ya ofisi wala msimamizi, na pengine nyumba yake i hatua chache na mtoto yu mgongoni. Hata hivyo hatangitangi. Kwa nini? Kwa sababu kazi yake ina mipaka asiyoiweka yeye: mashua huja na alfajiri, jua huzama magharibi, na mvua haimngoji mtu. Na jirani zake wote wajua kuwa ile ni kazi. Hapana awezaye kumwambia aache omena mvuani aje azungumze.

Namna ya pili ni kazi ya mshonaji mwenye cherehani chumbani, au mwalimu mwenye madaftari ya kusahihisha, au kijana aandikaye hesabu za duka la mtu aliye Nairobi. Kazi hii haina alfajiri wala magharibi. Yaweza kufanywa saa yoyote, na kwa hivyo yaweza kuahirishwa saa yoyote. Wala watu hawaioni kuwa ni kazi. "Si yuko nyumbani?" Maneno haya ndiyo yamlayo. Jirani hubisha hodi kwa kuwa yuko nyumbani. Jamaa humtuma sokoni kwa kuwa yuko nyumbani. Na yeye mwenyewe hujiambia kuwa siku bado ni ndefu, hata akisikia adhana ya Magharibi akaona nguo ya mtu haijakatwa, na mwenye nguo ameahidiwa kesho.

Wengi husema kuwa huu ni uvivu. Sisi hatuoni hivyo. Mvivu hukaa akastarehe. Huyu hushinda akihangaika, akashika hili akaliacha, akashika lile akaitwa, kisha akalala amechoka na hapana alilotimiza. Ila yake ni kuwa kazi yake haina ukuta.

Na juu ya neno hili ukuta, tuangalie Thimlich Ohinga, katika kaunti hiyohiyo ya Migori. Hapo pana maboma ya mawe yaliyojengwa yapata karne ya 16, jiwe juu ya jiwe pasina chokaa wala udongo wa kushikanisha, na kuta zake zingali zimesimama, pengine kwa kimo cha zaidi ya mita 4. Mwaka 2018, katika mkutano wa UNESCO uliofanyika Manama, Bahrain, mahali hapo palitiwa katika orodha ya urithi wa dunia. Watu wa mle waliishi na kufanya kazi pamoja, lakini hawakuchanganya mambo. Ndani ya boma mligawanywa kwa kuta ndogo na vipenyo: hapa mifugo, hapa bustani, hapa watu. Na milango ilifanywa midogo, hata aingiaye sharuti ainame, ili walinzi wamwone kabla hajawafikia.

Basi nasi twasema: afanyaye kazi nyumbani, na kazi yake haikupewa mipaka na mashua wala na jua, sharuti ajijengee mwenyewe. Na kuta ni tatu, na mlango mmoja.

Ukuta wa kwanza ni wa mahali. Atasema mtu: nyumba yangu ni chumba kimoja, nitaujenga wapi? Twamjibu kuwa ukuta huu hautaki mawe. Mkeka mmoja watosha, au pembe ya meza, au pazia la kanga. Mkeka ule ukitandikwa ni kazi, ukikunjwa ni nyumba. Asilie chakula juu yake, wala asilale, wala asizungumzie hapo habari za mji. Akidumu na hayo, mwili wake utazoea, na akikaa hapo tu fikira zitakuja zenyewe.

Ukuta wa pili ni wa wakati. Na katika jambo hili sisi tumekwisha rahisishiwa, kwani siku yetu imegawanywa kwa Sala tano, nasi hatuhitaji kengele nyingine. Kazi nzito itakayo akili na macho iwekwe baina ya kuchomoza jua na Adhuhuri. Kazi nyepesi, kama kujibu barua na kupanga vitu, iwekwe baina ya Adhuhuri na Alasiri. Baada ya Alasiri mtu amalize yaliyobaki na aandike matatu ya kesho, si kumi. Na Magharibi afunge. Lakini kila mtu atazame mahali alipo. Saa ya ukutani ni moja Kenya nzima, ila Homa Bay iko magharibi ya Mombasa kwa nyuzi 5 hivi, na kwa hivyo jua la huko huchelewa kwa kiasi cha dakika 20. Tena upande wa ziwa mara nyingi asubuhi huwa nyeupe, na mawingu na radi hukusanyika mchana ukishapinduka. Mwenye kutegemea umeme akiiacha kazi yake mpaka alasiri, pengine atakutana na giza. Yule mwanika omena alijua hayo zamani. Ndiyo maana huwahi.

Ukuta wa tatu ni wa watu, nao ndio mgumu kuliko yote, kwa sababu hujengwa na wawili. Mwenye kazi akae na watu wake awaambie: kuanzia saa fulani hata saa fulani mimi siko, ijapokuwa mwaniona. Na wao wamkubalie. Na hapa yatupasa tuseme kweli. Mwanamume akishona nyumbani, watoto hunyamazishwa: "Baba yuko kazini." Mwanamke akishona katika chumba kilekile, watu husema amekaa tu. Huitwa na mtoto, na mgonjwa, na mgeni, na chungu kilicho motoni. Kisha kazi ikichelewa hulaumiwa yeye. Na huenda fedha za cherehani ile ndizo zilipazo ada ya skuli. Je, hii ni haki? Imepokewa kwa Bibi Aisha kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani mwake, na wakati wa Sala ukifika akitoka kwenda kusali. Basi ni mwanamume gani atakayeona aibu kushika mtoto au kuteleka maji kwa saa mbili, ili mkewe apate kutimiza ahadi aliyowaahidi watu?

Ama mlango, ni simu. Hatusemi itupwe, kwani kwa wengine ndiyo duka na ndiyo mkoba wa fedha. Twasema mlango wake uwe mdogo kama ile milango ya Thimlich, kila aingiaye ainame. Simu iwekwe mbali na mkono, mlio wake uzimwe, na ifunguliwe kwa nyakati maalumu. Habari ya msiba itafika; jirani atabisha. Lakini mzaha wa kundi hauna haja ya kufika saa 4 asubuhi. Fikira ikikatwa hairudi mara moja. Mshonaji aliyeinuka mara kumi hupoteza zaidi ya dakika alizoinuka, kwani kila akirejea huanza kwa kutafuta alipoachia.

Jambo la mwisho ni kuwa ukuta una pande mbili. Huzuia nyumba isiingie kazini, na huzuia kazi isimeze nyumba. Wako wenye bidii wasiofunga kabisa: wala chakula macho yakiwa kwenye kompyuta, na watoto wao wamewazoea migongo tu. Mtu huyu yuko nyumbani mchana kutwa na nyumba haimpati. Naye pia hana ukuta, japokuwa watu humsifu. Ofisi hufungwa mlango na mlinzi. Kazi ya nyumbani haifungwi na yeyote ila mwenyewe, basi na aifunge.

Na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuwafikisha.

Maswali ya kuzungumzwa darasani

1. Kwa nini mwanika omena hahitaji kuambiwa aanze kazi, na mshonaji wa chumbani ahitaji?
2. Nyumbani mwako, ni nani ambaye kazi yake huitwa kazi, na ni nani ambaye yake huitwa kukaa?
3. Taja wakati mmoja wa kesho utakaouwekea ukuta, na umtaje mtu utakayepatana naye juu yake.