MAFUNZO NILIYOYAPATA SOKO LA KARATINA

Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Methali hii niliikariri tangu shule ya msingi, lakini maana yake niliipata likizo ya Agosti, nilipojaribu pamoja na rafiki yangu kuanzisha biashara ya programu. Programu ni maagizo yanayoiongoza tarakilishi kufanya kazi. Naomba nikueleze mafunzo manne tuliyoyapata.

Somo la kwanza: Uliza kabla ya kuunda.
Shangazi yangu huuza viazi na karoti sokoni Karatina. Kwa wiki mbili tulimtengenezea programu ya kuhesabu faida, yenye michoro na rangi za kupendeza. Tulijiona mabingwa! Shangazi aliitazama, akacheka. "Sasa hii nitaibeba wapi, mwanangu? Faida yangu naijua. Kinachonimaliza ni madeni." Kumbe daftari lake la madeni lilikuwa limenyeshewa, akapoteza shilingi 4,800 alizokuwa amepangia karo ya binamu yangu. Sisi tulikuwa tumetibu ugonjwa ambao hakuwa nao.

Somo la pili: Anza na kidogo.
Shangazi hana tarakilishi. Ana simu ya mulika-mwizi. Basi tukakubaliana awe akinitumia ujumbe mfupi wenye jina la mdeni na kiasi. Jioni tuliandika kwenye jedwali katika tarakilishi ya kakangu, na kila Jumamosi tukampelekea orodha. Haikuwa programu ya kujivunia, lakini wiki ya pili alilipwa madeni mawili aliyokuwa ameyasahau kabisa. Akatupa shilingi 50. Hizo 50 zilinifurahisha kuliko zile rangi zote.

Somo la tatu: Mtazame anayetumia.
Hapa tujifunze kutoka kwa M-Pesa. Ilipojaribiwa Nairobi na Thika kuanzia mwaka 2005, nia ilikuwa watu wapokee na kulipa mikopo midogo kwa simu. Wateja wa majaribio hawakuwa wengi. Lakini wenyewe walianza kutumiana pesa, na wengine wakaweka pesa zao kwenye simu kabla ya safari ili wasiibiwe njiani. Waanzilishi hawakuwakemea ati wanaitumia vibaya. Waliweka mikopo kando, na Machi 2007 Safaricom ikaizindua kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Sote tunajua yaliyofuata.

Nasi yalitupata, japo kwa udogo. Majirani wa shangazi walipojiunga, walianza kutuma pia pesa wanazodaiwa na wakulima wa Kieni wanaowaletea viazi. Hatukuwa tumepanga hivyo, lakini tuliongeza safu moja kwenye jedwali.

Somo la nne: Usikue kuliko nguvu zako.
Kutoka akina mama sita tulifika 14 kwa siku chache. Tamaa ikatuingia. Usiku mmoja, nikiwa na usingizi, niliandika deni moja mara mbili. Mteja alimgombeza shangazi mbele ya soko zima, akamwita mwizi. Sijawahi kuona aibu kama ile. Kesho yake tulienda sisi wenyewe, tukakiri kosa na kuomba radhi. Kisha tukarudi kwa wale sita. Programu ikikosea, anayetukanwa si tarakilishi, ni mtu aliyekuamini.

Shule ilipofunguliwa, binamu yangu, ambaye husoma shule ya kutwa, aliichukua kazi ile. Sehemu ya karo yake sasa hutokana na madeni yanayokumbukwa.

Wanachama wenzangu, tusidhani kwamba mambo haya ni ya Marekani pekee. Hapa Nyeri tunacho Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, kilichopata hadhi kamili ya chuo kikuu mwaka 2012, na sayansi ya tarakilishi hufundishwa pale. Lakini hata kabla ya kufika huko, soko liko karibu, na kuuliza ni bure.

Zoezi
1. Mtembelee mfanyabiashara mmoja wa mtaani kwenu. Muulize ni jambo gani humkosesha usingizi. Usimwambie la kufanya, sikiliza tu.
2. Je, shida hiyo yaweza kupunguzwa kwa daftari na kalamu? Ikiwa ndiyo, anzia hapo.