Kabla ya Kuuza Ng'ombe: Kuchagua Chuo na Somo la Biashara

Kila mara matokeo ya Kidato cha Nne yakitoka, wazazi hutujia na swali moja. "Kijana amepata C. Anataka kusomea biashara. Tumpeleke wapi?" Nasi humrudishia mzazi swali: biashara gani?

Siyo kwamba tunamkwepa. Biashara ni kama kilimo. Anayelima chai na anayefuga kuku wote huitwa wakulima, lakini hakuna mtu anayempeleka mfugaji wa kuku akajifunze kupogoa michai. Vivyo hivyo, kuweka hesabu za kampuni ni kazi moja, kununua na kutunza mali ya stoo ni kazi nyingine, na kuuza bidhaa ni nyingine kabisa. Kijana asiyependa kuongea na watu atateseka katika uuzaji hata akiwa na diploma mbili. Kwa hiyo mketi naye kwanza, baba na mama, mumwulize anataka kuwa akifanya nini saa nne asubuhi siku ya kazi. Akikosa jibu, afadhali akae miezi michache nyuma ya kaunta ya duka la mtu anayemfahamu. Hapo hakuna karo.

Tuchukue uhasibu, maana ndio wengi huutaja. Mitihani yake hapa Kenya hutolewa na KASNEB, shirika lililoanzishwa mwaka 1969. Aliyepata C+ anaweza kuanza CPA moja kwa moja. Aliyepata C- au C huanza na diploma iitwayo ATD, na akiimaliza mlango wa CPA unafunguka. Mitihani hufanywa mara tatu kwa mwaka: Aprili, Agosti na Desemba. Jambo ambalo wazazi wengi hawajui ni kwamba mtihani huu hauulizi ulisomea wapi. Kijana anaweza kujiandikisha mwenyewe, akafanya kazi mchana na kusoma usiku. Ni vigumu, hatufichi, na wengi huachia njiani. Lakini maana yake ni kwamba chuo cha uhasibu ni msaidizi tu. Kwa hivyo usivutiwe na jengo. Uliza: katika mtihani uliopita, wangapi wenu walifanya na wangapi walipita? Wakianza kuzungukazunguka, wewe shika njia urudi nyumbani.

Digrii ya biashara, ile watu huita B.Com, huhitaji C+ na zaidi, na alama ya hesabu huangaliwa sana. Uzuri wake ni kwamba katika vyuo vikuu vingi mwanafunzi husoma mambo ya jumla kwanza, kisha ndipo achague tawi, iwe uhasibu, fedha au masoko. Tena akitaka CPA baadaye, KASNEB humsamehe baadhi ya karatasi. Lakini kijana mwenye C asidanganywe kwamba digrii iko papo hapo. Yeye aanze na diploma, ambayo huhitaji C-, kisha apande. Aliye chini ya hapo huanza na cheti.

Kuna matawi mawili ambayo vijana wetu huyapita bila kuyatazama. La kwanza ni ununuzi na ugavi. Tangu sheria ya mwaka 2007, anayefanya kazi hii anatakiwa awe amesajiliwa na kupewa leseni na chama chao, KISM, kwa hiyo somo hili lina mlango wake wa kazi. La pili ni ushirika. Ati ni mambo ya wazee wa kahawa! Lakini hesabu za maziwa, za chai na za SACCO zinahitaji watu waliosoma, na mara nyingi watu hao hutoka mbali kuja kufanya kazi hapa kwetu. Chuo cha ushirika kilichoanza mwaka 1952 leo ni chuo kikuu kamili, kule Karen, Nairobi.

Sasa tuseme jambo linalotuuma. Miaka michache iliyopita mama mmoja wa kikundi chetu cha akiba aliuza ng'ombe wawili ili binti yake asomee diploma ya biashara. Chuo kilikuwa mjini, orofa ya pili juu ya maduka, na kibao kilisema ni cha kimataifa. Sisi wenyewe tulimsindikiza kulipa karo ya kwanza, tukakunywa na soda ya ofisini. Mwaka mmoja na nusu baadaye, wakati wa mtihani ulipofika, binti hakuwa ameandikishwa popote. Kile chuo hakikuwa na kibali cha kufanyishia mtihani. Alirudi nyumbani na risiti tu, na ng'ombe hawakurudi.

Swali ambalo hatukuuliza siku ile lilikuwa fupi: cheti kitatolewa na nani? Kama ni KNEC, KASNEB au TVET CDACC, nenda ukathibitishe huko kwenyewe. Chuo cha diploma na vyeti ni lazima kiwe na leseni ya TVETA, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2013. Chuo kikuu huidhinishwa na CUE. Tena usiishie kwenye jina la chuo. Uliza kama somo lenyewe limeidhinishwa. Orodha ziko kwenye tovuti zao, na kijana yeyote mwenye simu anaweza kukusomea. Karatasi iliyotundikwa ukutani mwa chuo haitoshi, kwani hata wale wetu walikuwa nayo.

Mkipiga hesabu ya karo, ongezeni ada ya mtihani, kodi ya chumba, na nauli ya miezi ya mazoezi kazini. Ulizeni pia ni nani atakayemtafutia nafasi ya mazoezi hayo. HELB hukopesha wanafunzi wa vyuo vikuu na wa vyuo vya ufundi pia, lakini ni mkopo, atalipa.

Ya kuzungumza kikundini: Kati ya watoto wetu walio chuoni sasa, ni wangapi tunajua kwa hakika cheti chao kitatolewa na nani? Nani ataenda kuuliza, na lini?