Feni na Taa za Kompyuta Mbovu: Zana ya Kufundishia Saketi za Umeme

Mwanachuo anapokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, mada ya saketi za umeme humkuta akiwa na chaki, ubao, na pengine balbu moja ya tochi. Huchora saketi mfuatano upande wa kushoto na saketi sambamba upande wa kulia, wanafunzi hunakili, na kipindi huisha. Katika shule moja ya mteremko wa Mlima Meru tulikaa nyuma ya darasa tukisikiliza somo la namna hiyo. Mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, mbona nyumbani balbu ya sebuleni ikiungua, ya jikoni haizimiki?" Mwanachuo akamjibu kwamba hilo litafundishwa baadaye. Halikufundishwa. Swali lile ndilo lililokuwa somo lenyewe, na mtoto alikuwa amelileta bure.

Tunapendekeza zana iliyo karibu. Kwa mafundi wa kompyuta mjini Arusha hazikosekani kompyuta za mezani zilizokufa, ambazo feni zake bado ni nzima ila zimejaa vumbi letu la kiangazi. Mwalimu aombe feni tatu na mkanda mmoja wa taa za volti 12. Azisafishe kwa brashi kavu huku akishikilia mapanga yasizunguke. Aongeze betri nane kubwa za tochi, swichi, na nyaya nyembamba. Umeme wa ukutani usiguswe kabisa katika somo hili, wala kasha la umeme la kompyuta lisifunguliwe, kwa kuwa ndani yake chaji hubaki hata baada ya kuchomolewa.

Kabla ya kuunganisha chochote, wanafunzi wasome lebo iliyo mgongoni mwa feni. Nyingi zimeandikwa volti 12 na ampea 0.15 au karibu na hapo. Mwalimu awaulize: betri moja ina volti 1.5, tunahitaji ngapi? Watoto watapata nane, na watazipanga chanya kwa hasi wao wenyewe. Saketi mfuatano imekwisha kufundishwa upande wa betri, wala hakuna aliyechora.

Hapo ndipo rangi za nyaya huwadanganya wengi. Feni ya nyaya tatu kwa kawaida huwa na mweusi wa hasi, mwekundu wa chanya, na wa manjano unaopeleka habari za mwendo. Lakini katika nyaya zitokazo kwenye kasha la umeme, wa manjano ndio wa volti 12 na mwekundu ni wa volti 5. Feni nyingi za nyaya nne nazo hutumia manjano kwa volti 12. Rangi peke yake haitoshi. Mwalimu ajue waya umetoka wapi. Tena, feni hizi si kama mota ya gari la kuchezea. Ukigeuza nyaya haizunguki kinyume. Haizunguki kabisa, na nyingine huharibika.

Sasa feni tatu ziunganishwe mfuatano. Kila moja hupata kama volti 4 tu, nazo zitatikisika au zitakaa kimya. Watoto wasielezwe sababu mara moja, waachwe wabishane. Kisha ziunganishwe sambamba pamoja na mkanda wa taa, kila kimoja kikiwa na njia yake kutoka chanya hadi hasi. Zote huzunguka na taa huwaka. Mwanafunzi mmoja achomoe feni ya kati. Nyingine zinaendelea, na aliyeuliza habari ya balbu ya jikoni amejibiwa.

Kwa watoto wa Meru mfano wa mifereji ya kumwagilia mashamba unafaa sana: mfereji mmoja mkuu, kila shamba na tawi lake. Hata hivyo tuutumie kwa uangalifu. Maji yakifika shambani hayarudi, bali umeme usiporudi kwenye betri hakuna mkondo.

Mwendo wa feni nao una somo. Punguza betri zibaki sita, kisha tano, na mwendo hupungua hadi feni kusita. Hiyo ndiyo njia ya kudhibiti feni ya nyaya tatu. Ile ya nyaya nne hubaki na volti 12 zake, na waya wa nne huleta ishara inayowaka na kuzima takriban mara 25,000 kwa sekunde. Feni huenda kasi kadiri muda wa kuwaka unavyozidi ule wa kuzima.

Hesabu ifuate hapohapo. Soketi moja ya feni kwenye bodi kuu ya kompyuta kwa kawaida hubeba ampea 1. Feni tatu za ampea 0.15 hutumia 0.45, hivyo waya wa kugawanya unatosha. Feni tisa hutumia 1.35, nayo soketi inaweza kuungua. Hizo hupewa kigawanyio kinachochukua umeme moja kwa moja kutoka kasha la umeme, na bodi hutuma ishara ya mwendo tu. Kati ya feni zilizogawanywa, moja pekee ndiyo hurudisha habari za mwendo, kama kiranja anayejibu kwa niaba ya darasa. Feni nyingine ikifa, bodi haitajua.

Kwa upande wa taa tuna kosa letu wenyewe la kuungama. Kuna taa za pini nne za volti 12, na kuna za nyaya tatu za volti 5 ambazo kila taa hubadili rangi peke yake. Tukiwa mbele ya wanachuo tulizipa hizi za volti 5 umeme wa volti 12, kwa kuwa mkanda ulifanana na mwingine na hatukusoma maandishi yake. Uliwaka mara moja kwa nguvu, ukanuka, ukazimika. Wanachuo walicheka, nasi tuliubandika ubaoni ukiwa umeungua. Tangu siku ile kila kundi huanza kazi kwa mwanafunzi mmoja kusoma lebo kwa sauti, na mwingine kuandika volti ubaoni kabla ya swichi kuguswa.