Kusoma kwa Macho na Kusoma kwa Ghaibu



Ndugu yetu mmoja, mkaaji wa upande wa Mbagala katika Temeke, alikuwa amekwisha kununua mchele na mbuzi kwa hitima ya mwanawe, mtoto wa miaka tisa aliyemaliza juzuu ya Amma chuoni. Usiku wa kuamkia siku ile alimfungulia msahafu, akamtaka amsomee Sura ya Naba. Mtoto akasoma kwa sauti njema, kidole kikipita juu ya mistari. Mara baba akaona ya kuwa kidole kimekwisha kufika chini ya ukurasa, nao ulimi ungali katikati. Akaifunika mistari kwa kiganja, na mtoto akaendelea kusoma vile vile. Kisha akamwonyesha neno moja peke yake, akamwuliza, “Hapa paandikwaje, mwanangu?” Mtoto akanyamaza, halafu akalia.

Mtoto huyu hana kosa. Alichohifadhi ni neema kubwa, wala hatumvunjii mtu heshima ya hifadhi. Lakini hifadhi ni jambo moja na kusoma ni jambo jingine. Aliyehifadhi kwa sikio tu, siku akiisahau aya hana pa kurejea, hata kama msahafu u mikononi mwake.

Sababu yake si ngumu kuijua. Katika pwani yetu zamani, mwana wa chuo alikuwa na ubao wake. Aliandikiwa somo lake, akamsomea mwalimu peke yake, kisha ubao ukafutwa. Leo katika vyuo vingi vya Temeke na Kinondoni mwalimu mmoja ana watoto arobaini na zaidi. Yeye hutamka nao huitika kwa pamoja, na sauti ya thelathini hufunika ukimya wa kumi. Na shuleni hali ni hiyo hiyo. Elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016 watoto waliongezeka mno, na zipo shule za mji huu ambazo watoto huingia kwa zamu, hawa asubuhi na hawa mchana.

Mwaka 2010 mpango uitwao Uwezo, uliokuwa chini ya Twaweza, ulianza kupeleka watu majumbani kuwapima watoto, kwa mfano uliotangulia kutumika Bara Hindi tangu 2005. Kujua mtoto yuko darasa la ngapi peke yake hakuwatoshi. Humpa karatasi, mmoja mmoja, asome herufi au silabi, kisha maneno, kisha kifungu kifupi, kisha hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Katika vipimo vyao vya mwanzo, wa darasa la tatu walioweza kuisoma hadithi ile ya Kiswahili walikuwa yapata watatu tu katika kumi. Mwaka 2015 Serikali nayo ikaugeuza mtaala wa darasa la kwanza na la pili ili utangulize kusoma, kuandika na kuhesabu.

Wala jambo la kupima si geni katika dini yetu. Baada ya vita vya Badri, mwaka wa pili wa Hijra, imepokewa ya kuwa mateka wa Makka waliojua kuandika na wasiokuwa na mali ya kujikombolea, kila mmoja alipewa watoto kumi wa Madina awafundishe. Na watoto wakiisha kuwa hodari, hiyo ndiyo fidia yake. Tazama sharti lilivyowekwa. Mateka hakuhesabiwa miezi aliyokaa na watoto, bali alihesabiwa walichokijua watoto. Sisi twalipa ada ya chuo kila mwezi, na wachache wetu huuliza hilo.

Basi mzazi aweza kumpima mwanawe nyumbani, baina ya Magharibi na Isha. Katika herufi za Kiarabu, asimwulize kwa mfululizo wa alifu, bee, tee, kwani huo ni wimbo. Amwonyeshe herufi moja moja, huku na huku. Tena aitafute herufi ile ile ikiwa mwanzo wa neno, katikati na mwisho, maana aini ya mwanzo haifanani kwa umbo na aini ya katikati, na hapo ndipo wengi hukwama. Kisha afungue mahali ambapo mtoto hajapata kufundishwa.

Katika Kiswahili, kitabu chenye picha hudanganya: mtoto huona bata akasema bata. Kwa hiyo mwandikie maneno yasiyo na maana, kama “tabo” au “kimule”. Ayasomaye hayo amezijua silabi kweli. Akiyaweza, mpe mbwa, ng'ombe, nywele, dhahabu. Kisha mpe habari fupi, umwulize nani alifanya nini. Baba asiyejua kusoma asione haya kumwachia kazi hii dada wa mtoto aliye mkubwa. Na fimbo iwekwe mbali, kwani mtoto aogopaye huzidi kuhifadhi ili apate kujificha.

Yule ndugu yetu aliiahirisha hitima, na majirani walisema waliyosema. Mwalimu naye, Mungu amlipe, hakukasirika. Alimrudisha mtoto kwenye alifu kwa ujiti, akawa humsikiliza peke yake baada ya wenzake kuondoka. Hitima ilifanywa mwezi wa tano. Mwalimu akafungua msahafu pasipo kuchagua, mbali na juzuu ya Amma, akampa mtoto. Akasoma polepole mistari sita. Mara mbili alikosea, akasimama, akarudi nyuma kulitazama neno, akalisahihisha mwenyewe.